Nililipia Kimya

Nililipia kimya. Risiti ninayo.
Paundi elfu mbili mia nne na tisini,
usiku saba hadi kwenye fyodi za Norwei na kurudi Southampton.
Meli ya watu wazima, brosha ilisema,
na chini yake picha: glasi mbili za mvinyo,
kiti kitupu, maji yametulia kama karatasi ya mtihani
kabla sijasema, "Anzeni."

Miaka thelathini na mmoja nilisimamia mitihani, Preston.
Kimya nakijua kwa uzani wake.
Najua kikohozi cha kweli
na kikohozi cha kuomba jibu.

Basi usiku wa kwanza, saa nane kasorobo,
ukuta wa kabini ukaanza kulia.

Asubuhi nikakuta mlangoni kifuko cha karatasi:
vizibo vya masikio, peremende mbili,
na kadi iliyoandikwa mbiombio.
Samahani. Jina langu Mabli. Nina miezi saba.
Mama alikata tiketi kabla hajajua kwamba nipo njiani
na kampuni hairudishi pesa
Nikaisoma mara mbili. Mwishoni nikatia nukta kwa penseli.
Mazoea yana tabu.

Meli ile haikuwa na kitanda cha kimo chake.
Bwawa lake lilikuwa ndoo ya kupozea shampeni
aliyoazimwa na mhudumu,
maji vuguvugu hadi kitovuni.
Baba yake, Gethin, alikuwa kifudifudi tangu Bahari ya Kaskazini,
rangi yake kama tango lililomenywa.
Kwa hiyo ni Eirlys peke yake
aliyekatiza kati ya wacheza dansi wa mchana,
mtoto begani,
kama mtu aliyebeba king'ora
asichojua kitalia saa ngapi.

Wapo waliosusa. Winifred Tattersall alihama meza,
sahani mkononi, mgongo umenyooka.
Mimi sikuhama. Msimamizi hahami chumba.

Siku ya nne, maporomoko yananing'inia pande zote mbili,
kila mtu yuko sitahani na kamera
isipokuwa sisi wa meza ya kumi na sita:
wazee saba,
meno yetu halisi tukiyachanga hayafiki thelathini,
tunachungulia ufizi mmoja.
Mwekundu. Umevimba. Kumbe kisa chote ni hicho.

"La kushoto litatangulia," akasema Bwana Ormerod,
ambaye kasino ilikwisha kumla mia mbili,
akaweka noti ya tano juu ya kitambaa.
"La kulia," nikasema mimi.
Mimi, niliyewahi kumtoa mvulana nje
kwa kurusha sarafu kwenye maswali ya kuchagua!

Kufika jioni dau lilikuwa paundi sitini na tano
ndani ya bakuli la sukari,
na mpiga piano aliombwa apunguze mkono:
mshindani amelala.

Siku ya sita, kwenye supu,
Eirlys alimgusa kwa kijiko cha chai.
Tik.
Uma zikasimama hewani.
"Tena," nikasema, nikitega sikio langu zima.
Tik.
Hata Winifred aligeuza kiti.

Lilikuwa la kushoto.
Nilipoteza kumi na moja.
Ormerod alizoa bakuli zima, akaenda nalo kasino,
hakumwachia mtoto hata peni,
wala hatukumlaumu. Dau ni dau.
Saa tano usiku alirudi mikono mifukoni,
akaulizia kama kuna jino jingine karibu.

Southampton tuliagana vibaya, kwenye msongamano wa masanduku.
Nilitaka kusema neno. Gethin, mzima sasa, alinikanyaga,
akaomba radhi, wakapotea.

Nyumbani kimya kipo, tena cha bure.
Peremende nilikula. Vizibo bado vimo kwenye kifuko.
Saa nane kasorobo huamka mwenyewe,
nikautazama ukuta wa upande wa kitanda,
nao unanikalia tu
kama mtahiniwa asiye na jibu.