Pale Alipovuta Hewa

Ulimi wa saksafoni ulipopasuka,
na mwingine hadi uagizwe Nairobi,
Zablon Ogweno alichonga tete la Dunga
kwa wembe wa kinyozi,
akapuliza usiku huohuo, Kondele,
mpaka askari wakasahau saa ya kufunga baa.

Ala aliipata bendi ya reli,
pamoja na kikohozi cha makaa ya mawe.
Pafu moja lilishachoka.
Basi katikati ya wimbo alikatiza ghafla,
akavuta hewa, sote tukaisikia,
akarudi.

Juzi nimemsikiliza kijana wa Nyalenda,
kifua cha mpiga makasia,
hajui hata mafua.
Alipofika palepale, akakatiza.
Nikamuuliza, mbona?
Akanishangaa:
“Mzee, si ndivyo jazi hupigwa?”