Jina la Ng'ombe

Bwana Kimosop, usiku huu ninabadilisha nenosiri lako.
Ni saa nne hapa Njoro, baridi imeshuka kutoka Mau
ikaingia ofisini bila kuulizwa jina,
kama kila mtu alivyokuwa akiingia kwenye swichi hii.

sukari7.
Sukari, ng'ombe wako. Saba, uzao wake wa saba.
Karani wa mizani alilijua.
Dereva wa lori la tangi alilijua.
Mama Wanjeri, ambaye hajawahi kugusa kompyuta,
aliniambia huku akikung'uta mkeka wa mlangoni:
"Herufi ndogo zote, binti."

Hukuwa mzembe. Ulikuwa mkarimu,
na ukarimu, penye nyaya, ni dirisha lisilo na komeo.
Mwezi jana mtu alipitia hapo
akauzima mlango wa kumi na moja, ule wa mizani,
na maziwa ya wakulima mia tatu yakaandikwa kwa penseli.
Hatukumjua. Angejulikanaje?
Sote tulikuwa tunaitwa admin.

Basi naanza.
Kila mtu na jina lake, kila jina na mpaka wake.
Naifunga teleneti, njia ile ya kupayuka,
ibebayo siri wazi kama chai kwenye sinia.
Swichi inafikiri, inasaga namba
polepole, kama kinu cha posho chenye mkanda mkuukuu,
inanitolea ufunguo wa biti elfu mbili na arobaini na nane.
Usimamizi naupa chumba chake,
mbali na simu za vijana wa mapokezi na mpira wao wa Jumamosi.
Dakika tano za kimya, mlango ujifunge.

Halafu orodha ya wanaoruhusiwa.
Nikaandika anwani moja. Nikabonyeza.

Skrini ikaganda.

Anwani ilikuwa ya kompyuta ya mezani kwangu,
nami nilikuwa kwenye mpakato.
Nimeajiri bawabu, Kimosop, na bawabu hanijui.

Ningechomoa umeme, isahau yote tuliyoambiana;
sikuwa nimehifadhi kitu.
Lakini nyuma ya ukuta majokofu yananguruma,
vipimajoto vyake hupitia humu humu,
na maziwa ya jioni ya watu hayachezewi.

Nikainua macho. Msumarini, juu ya kabati,
waya wa samawati, bapa,
umefungwa kwa kipande cha kamba ya ndama,
na kikaratasi chenye mwandiko wako ulioinama:
*Ukijifungia nje. Usione haya. Hata mimi.*

Nikauchomeka usoni pa swichi,
njia isiyopita mtandaoni, mkono kwa chuma.
Ikauliza: nani?
Jebiwott, nikaandika. Ikanikubali.
Nikairekebisha anwani, nikajaribu mara mbili kwa dirisha la pili,
ndipo nikahifadhi.

Waya nimeurudisha msumarini. Kikaratasi pia.
Chumba nimekitia kufuli la kweli, la shaba.

Saa kumi na moja alfajiri karani atapiga simu,
sauti imejaa usingizi na lawama: "Sukari imekataa!"
Nitamwambia aje na kitambulisho.

Nenosiri jipya sikutajii hata wewe, usikasirike.
Ila nasikia Sukari amezaa tena, jike, mwenye baka usoni.
Hongera.
Najua kabisa ungeandika nini.