Sentimita Nne

Mezani zabuni tatu, na kahawa iliyokwisha kupoa.
Wa kwanza anataka yuro hamsini na nane kwa saa,
injini ingurume au isinzie, saa ni saa.
Wa pili anahesabu kilomita, kwenda na kurudi;
theluji iwe unga, iwe zege, kwake mamoja.
Wa tatu anataka donge moja kwa msimu mzima,
Oktoba hadi Mei,
kana kwamba ameshaongea na mawingu.

Nami nimeambiwa: linganisha.

Diwani Hyvärinen amekuja na gazeti, amelipiga mstari mwekundu.
Majirani zetu wa Lompolovaara wanalipa nusu.
Nusu! Akagonga meza, kahawa ikaruka.
Barabara zilezile, mbingu ileile,
hizi fedha sisi tunazimwaga wapi?

Nikaenda Lompolovaara siku ya Jumanne,
saa tisa alasiri, giza limekwisha kutanda.
Karani mwenzangu, Outi, akanifunulia daftari bila kinyongo.
Dizeli yao bei yetu. Chumvi bei yetu, kokoto pia.
Madereva wao hawalali njaa, wala hawali kuku kwa mrija.
Tofauti niliikuta chini kabisa, kwenye herufi za kubanana:
sisi greda hutoka theluji ikifika sentimita nne,
wao husubiri nane.

Hiyo tu. Nyanda mbili za kidole.

Nikamuuliza: na hizo nne za katikati, nani anazilipa?
Outi akacheka kidogo, akageukia dirisha.

Njiani kurudi nilimkuta muuguzi wa majumbani,
gari limezama hadi vitasa,
anachimba kwa sepetu, taa zikimmulika mgongoni.
Nikashuka. Tukachimba dakika arobaini,
hatukusemezana ila majina. Pirkko.
Sindano ya saa kumi ilikuwa imempita,
na mwenye kuchomwa yuko mwisho wa barabara, anatazama saa ya ukutani.
Arobaini zake, arobaini za mgonjwa, arobaini zangu:
hazimo katika daftari la Outi.
Nilipofika ofisini nikafungua langu.
Hazimo.
Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba hiki
hakuna aliyetumwa kukipima.

Leo Hyvärinen anangoja jibu.
Nimechora jedwali, safu tatu za zabuni,
na ya nne nimeiacha tupu, kichwa chake kwa kalamu ya risasi:
Wanaochimba wenyewe.
Atauliza, yuro ngapi?
Naandika. Nafuta. Karatasi imeanza kutoboka.

Nje inaanguka tena, taratibu,
kitu pekee mwaka huu kilichokuja bila ankara.
Kibarazani nimesimika rula ya shule ya binti yangu.
Tatu na nusu.
Tauno ameshapanda greda, amewasha,
ananitazama kupitia kioo.
Nami naitazama rula.