Zamu ya Kusoma

Mama amewaambia majirani wa Ibra
kwamba mwanawe anaandika madereva.
Wakauliza: wa malori au wa teksi?
Nikacheka, nikawaacha. Si uongo wote.
Kiendeshi changu hukaa ndani kabisa, kwenye kokwa ya mfumo;
nyama ya tende ni zile programu watu wanazoziona.
Kokwa hutemwa. Hakuna anayeiuliza jina.

Kibao nimekifunga pale falaji inapotoka gizani,
ndani ya kopo lililokuwa la halwa,
vihisi vinne, mifereji minne ya waya:
kina, joto, chumvi, nguvu ya betri.
Watu wa hapa nusu saa ya maji huiita athari,
neno ambalo kwetu, tulionyonya Kiswahili,
ni alama ya kitu kilichokwisha kupita.

Wiki ya kwanza, kabla ya adhana,
Ghusn, wakili wa falaji, akanipigia:
"Maji yamefika sentimita thelathini na nne!
Tufurahi, au falaji ina homa?"
Nikafungua kompyuta na miwani sijavaa.
Ilikuwa homa.
Joto lilikuwa limevaa kanzu ya kina.

Wasomaji walikuwa wawili:
simu ya Ghusn, na mashine ya ofisi ya maji Maskati.
Zilibisha pamoja, kwenye foleni moja,
na foleni hiyo, namba ikishasomwa, imefutika.
Huyu alichota kina akaondoka nacho.
Yule akafika, akakuta joto limesimama mlangoni,
akalisalimu kwa jina la mwenzake.
Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyepata.

Rafiqul, anayeziba na kuzibua vijito
kwa matambara na jiwe bapa,
alitia mguu majini. "Kifundo," akasema. "Kama jana."
Kihisi chake hakina waya
wala hakigombewi.

Nikakaa ukingoni, kompyuta ikinichoma mapaja,
nikitazama wanavyogawa.
Zamu ya shamba la Bin Saif ikiisha, jiwe hushuka kwanza,
ndipo la pili liinuliwe.
Bi Nadhra ana robo ya athari tu, kwa mitende mitatu na ndimu,
na katika robo ile hata tajiri wa mji hasogezi kidole.
Mimi nimesomea kufuli darasani, kwa michoro.
Sikuwahi kuiona imelowa.

Basi nikaandika upya.
Asome mmoja. Afunge,
azitoe zote nne kwa mkupuo, apige muhuri wa saa,
afungue.
Kisha kila aliyeomba apewe nakala yake:
Ghusn kina peke yake, ofisi yote manne,
na ajaye kesho asimpunguzie wa leo.
Namba ziende mbichi, kipimo cha kuzidishia kando.
Kiendeshi hakitafsiri. Hakimfariji mtu.

Usiku ule zilikwenda sawa,
na usiku uliofuata.
Ghusn akaleta kahawa mpaka pale kwenye kopo,
akatazama simu yake, akatazama maji.
"Umeweza namba," akasema. "Sasa yagawe na haya vivyo hivyo.
Kila shamba nakala nzima, wala pasipungue kitu."
Alikuwa anatania. Nusu.

Nilitafuta jibu, nikaangalia skrini badala yake.
Kumi na tisa.
Juzi ishirini na moja. Ukutani,
juu ya mkono wangu, chokaa ya mwaka jana
ilikuwa imekauka mahali pa juu sana.

Sasa Ibra na Maskati zinajua
kwa sekunde ile ile, bila kunyang'anyana,
kila mmoja na nakala yake kamili ya upungufu.

Rafiqul akashusha jiwe.
Robo ya Bi Nadhra ilikuwa imeanza,
nasi tukasogeza miguu, maji yapite.