Vizingiti

Moshi, Julai, ukungu umeziba dirisha.
Fomu mia mbili na kumi na nne za magoti:
hayaumi, yanauma kidogo, yanauma sana, silali.

Jana niliyaandika moja, mbili, tatu, nne,
nikapiga mstari ulionyooka kama reli ya Tanga.
Ukanipa wastani: mbili nukta saba.
Nani anaumwa mbili nukta saba?

Ndelilio akasema, yafanye makundi tu,
kila neno na kapu lake.
Nikakataa. Ndizi za Kiboriloni, hata zikimwagwa chini,
mbivu haisahau kwamba ilikuwa mbichi.

Basi nikachagua vizingiti:
mpangilio nimeushika, umbali sikuukisia.
Zoezi lile la asubuhi, nilidhani,
litamshusha kila mtu kwa nguvu ileile.

Takwimu zikagoma kwenye kizingiti cha juu.
Kwenye “sana” watu wanashuka, wengine mbiombio.
Kwenye “silali”
karibu hakuna anayesogea.

Nimelegeza sharti hapo, hapo tu.
Kisha nikaitafuta fomu ya Aikande, mama wa Kibosho:
tiki moja,
wino umetoboa karatasi.