Bwete

Mtungi ulishushwa Kariobangi kabla jua halijakolea,
na Fundi Khaemba akaupiga kofi la mgongoni
kama mtu anayemlaki shemeji aliyechelewa harusini.
"Aliye humu ndani ni argoni," akasema.
"Waliompa jina walimwita mvivu.
Sisi tungesema: amekaa bwete."

Hana rangi. Hana harufu. Mwonje, hana ladha.
Oksijeni hugombana na kila chuma akutanacho nacho,
huacha kutu kwenye geti, kwenye bati, kwenye msumari wa jeneza.
Argoni haposi wala haposwi.
Elektroni nane zimezunguka mkeka wa nje, mkeka umejaa,
hakuna anayebanduka, hakuna anayesogezewa nafasi.
"Aliyeshiba," alisema Khaemba, "hagombei sahani."

Kazi yake ni kutofanya kitu.
Nawasha tao, chuma cha pua kinayeyuka,
kidimbwi kisichozidi tone la uji,
na hewa yote ya mji huu,
moshi wa Dandora, vumbi la Outering,
inataka kutia kidole.
Argoni hushuka kwenye mdomo wa kauri
akasimama katikati.
Hasemi neno.
Mshono hutoka na rangi ya asali.

Lakini ni mzito kuliko hewa.
Hutafuta chini, hulala chini,
maji yasiyoonekana, yasiyolowesha.

Mwaka juzi tulichomea tangi la maziwa,
Ndolo akashuka ngazi kukagua mshono kwa ndani,
akipiga mluzi.
Mluzi ukakatika katikati.
Hakukohoa. Hakuita.
Mapafu hujua kuulalamikia moshi;
bwete hawamlalamikii, humpisha tu
kama mgeni asiye na mzigo.

Daktari alisema: si sumu.
Nilizunguka na maneno hayo mawili wiki nzima,
nikitafuta wa kumchukia.
Si sumu.
Katika kila shilingi mia ya hewa
karibu shilingi moja ni yake;
Ndolo aliivuta tangu Mwala alikozaliwa,
ikaingia, ikatoka, haikuchukua chochote,
miaka thelathini na mmoja.
Hakumwua. Alikaa tu
mahali pa kile alichokihitaji.

Siku hizi nikifungua valvu nasikia mluzi,
mwembamba, wa sauti moja.
Sijamwambia Khaemba.

Kabla mtu hajaingia tangini
nateremsha feni kwa kamba, nakaa juu ya ndoo,
nahesabu dakika thelathini.
Vijana wanalalamika, mwenye tangi anatazama saa,
chai inapoa kwenye kikombe cha bati.
"Wewe nawe, umekaa bwete!"

Nimekaa.
Ngojeni.

Dakika ya kumi na saba.