Sehemu ya Maelezo

Mimi ni Marlys Tveit, karani wa madai,
miaka ishirini na sita chini ya ardhi
katika hospitali ya Mtakatifu Ansgar, Dakota ya Kaskazini.
Kulia kwangu tanuri la gesi, juu yangu kijidirisha
kinachoonyesha viatu tu vya wapitao.
Kwa viatu najua nani amekuja kujifungua:
hatua fupi, kisigino kwanza,
na kando yake buti za mwanamume asiyejua ashike wapi.

Kazi yangu ni kugeuza vilio kuwa tarakimu.
Mimba nzima, kuanzia kichefuchefu cha mwanzo,
mikojo kwenye vikopo, utepe wa kupimia tumbo,
hadi yule mtoto anayeletwa wiki ya sita kuonyeshwa,
bima huifunga kifurushi kimoja,
bei moja, fundo moja.
Ukizaa kwa saa mbili, bei hiyo.
Ukizaa kwa saa thelathini na moja, bei hiyo hiyo.
Ukipasuliwa, kifurushi hunenepa
na chumba huwa wazi kabla ya chakula cha jioni.

Sisemi Dakta Skogstad ana tamaa.
Nasema kisu kina namba yake
na kiti hakina.

Kiti ni kile cha Oline mkunga, cha plastiki, kimepasuka mgongoni.
Usiku wa tarehe tisa Februari, barabara imezikwa na theluji,
Tessa Brandvold alifunguka sentimita sita
kisha mwili ukagoma.
Skogstad aliingia mara mbili. Akatazama saa,
akatazama karatasi ya mapigo ya moyo.
Moyo ulikuwa shwari.
"Bado," akasema Oline. "Mtoto hana haraka. Sisi tunawahi wapi?"
Akaketi. Akamgeuza ubavu. Akamsugua kiuno kwa kiganja.
Akampa vipande vya barafu amung'unye.
Kumi na dakika arobaini, alfajiri, akatoka msichana,
kilo tatu na robo, amekasirika.

Asubuhi faili likashuka mezani kwangu.
Nikatafuta namba ya kuketi.
Ipo namba ya kung'atwa na kasuku, naapa, ipo.
Ya kumkalia mtu macho usiku kucha, hakuna.
Subira yavuta heri, sawa,
lakini nani anailipa subira yenyewe?

Jibu lilikuja baada ya siku arobaini na tatu.
Tessa alianza kliniki kule Minot, akahamia kwetu mimba ina miezi saba,
kwa hiyo kifurushi kifunguliwe,
Minot wapewe vyao, sisi tulipwe kuzalisha tu,
kana kwamba mtoto aliangukia mlangoni.
Nikajumlisha vipande. Havikufika bei ya kizima.
Nikapiga simu. Muziki, dakika hamsini na mbili.
Kijana mpole akaniomba radhi,
akasema hata mkewe ana mimba, miezi mitano.
Nikamuuliza atazalia wapi.
Akakumbuka simu inarekodiwa. Tukanyamaza.

Nikajaza fomu upya.
Kwenye sehemu ya maelezo, ambayo sijawahi kuigusa,
niliandika: *Alisubiriwa saa kumi na tisa.*

Fomu ikarudi.
*Sehemu hii iachwe wazi.*

Wodi ya wazazi itafungwa mwisho wa Juni.
Bodi imepiga hesabu, na hesabu ni sahihi;
nimeikagua mwenyewe, mara mbili, nikiomba nione kosa.
Baada ya hapo ni Minot, kilomita mia na arobaini,
na Februari itarudi, hairuki mwaka.

Oline ameomba apewe kile kiti, aende nacho nyumbani.
Wamemwambia kuna fomu.